Siku Niliyomzima Lokwang

Mtu akija ofisini kwetu Lodwar akauliza Aukot wa kompyuta yuko wapi, tunamwonyesha chumba cha nyuma, ila tunamwambia apige hodi kwanza, maana huenda Aukot anaimba. Anaiimbia seva. Nalisema mapema ili tusipotezeane muda. Anasimama mbele ya ile mashine, mikono ameiinua na kuikunja kama pembe, na anaimba kwa Kiturkana hadi mishipa ya shingo inamsimama. Mimi ndiye ninayeshughulikia mambo ya wafanyakazi katika shirika letu la maji, na wakubwa wamewahi kuniuliza kama kuimba huko kumo katika kazi aliyoajiriwa. Niliwajibu kwamba hakumo, lakini pia hakujakatazwa popote.

Seva yenyewe inaitwa Lokwang, maana yake mweupe. Ilitoka kiwandani ikiwa nyeusi tii. Vumbi la Lodwar ndilo lililoibatiza. Aukot alinieleza kwamba mwanamume wa Kiturkana anayejiheshimu huwa na maksai mmoja wa moyoni, anayemfunga kengele shingoni na kumtungia nyimbo, na watu humwita huyo mwanamume kwa jina la maksai wake. Sasa ng'ombe wa baba yake waliisha wote kwa ukame, yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Akakulia mjini, akasomea kompyuta Eldoret, akarudi nyumbani bila hata mbuzi. Basi siku alipokabidhiwa seva, alichukua kengele iliyobaki ya babu yake akaifunga kwenye mlango wa kabati lake, na tangu hapo mji mzima unamwita Apalokwang, baba yake Lokwang. Feni zikichachamaa kwa joto, kabati linatetemeka, kengele inalia, na Aukot anaacha chai yake ikipoa ili akamtazame ana nini.

Chumba hicho ndicho pekee ofisini chenye kiyoyozi kinachofanya kazi, kwa hiyo kila mtu huwa na shida na Lokwang mchana. Odongo, injinia wetu wa pampu, aliwahi kuficha humo samaki wake wa Kalokol nyuma ya kabati ili wasiharibike. Aukot aliwatupa nje dirishani, na wawili hao hawakusalimiana mpaka Krismasi.

Kila asubuhi Aukot anaingia, anamsalimu kwa Kiturkana, "Ejok, Lokwang," kisha anaandika neno moja kwenye kibodi, uptime, na Lokwang anamjibu amekaa macho siku ngapi tangu alipowashwa mara ya mwisho. Kwa wasiojua, mashine hiyo inaendeshwa na Unix, na sifa ya Unix ni kwamba haihitaji kuzimwa-zimwa kama hizi kompyuta zetu za mezani. Lokwang alikuwa hajazimwa tangu kabla mimi sijaletwa Lodwar. Na mimi nililetwa kwa muda tu, nikaambiwa nitarudishwa Machakos mvua zikianza, na mvua za Lodwar mnazijua.

Aukot alijivunia zile siku kuliko mtu anavyojivunia watoto. Mgeni akifika hajapewa hata kiti, ataonyeshwa. Mimi zilinikera. Nina dawa moja tu ya mashine, nimeitumia kwa redio, kwa simu, na kwa mume wangu alipokuwa hai na hasira zimempanda: zima, subiri kidogo, washa. Kila Lokwang alipokohoa nilisema hivyo, na kila mara Aukot alinitazama kama niliyependekeza tumle.

Sasa huyu Aukot alipata mchumba. Anaitwa Atiir, muuguzi Kakuma, mwanamke mwenye sauti ya chini na macho yasiyokosa kitu. Shida ilikuwa baba yake. Mzee Lochakapong ni mfugaji wa kweli, wa fimbo na kigoda, na hakuelewa anamwoza binti yake kwa nani. Aliuliza kijana anachunga nini. Akaambiwa anachunga mashine. Akauliza mashine hiyo inatoa maziwa? Wajomba wote wa Aukot walichangishana mifugo, mazungumzo yakaenda na kurudi, na mwishowe mzee akakubali kwa sharti moja ambalo ni desturi lakini alilisema kama kitisho: Jumamosi asubuhi, huko Kakuma, kabla jua halijawa kali, bwana arusi mwenyewe asimame mbele ya watu amchome mkuki maksai wa harusi. Akichelewa, au mkono ukitetemeka, watu wale nyama wakalale, na binti arudi kazini.

Nilimpa Aukot likizo kuanzia Ijumaa mchana. Ilikuwa likizo yake ya kwanza. Mimi nami nilikuwa nimeshonewa gauni la kitenge na fundi Mkongo wa Kakuma, lenye mabega yaliyosimama, maana nilikuwa nimealikwa niketi mbele.

Ijumaa asubuhi nikasikia kengele inalia mfululizo. Nilipoingia Aukot hakuwa anaimba. Lokwang alikuwa amejaa. Diski yake haikuwa na nafasi hata ya kuandika jina la mtu. Barua pepe zilikuwa zinarudi zilikotoka, na lililo baya zaidi, ratiba ya malori ya maji ya kesho yake isingeweza kutoka. Kila Jumamosi asubuhi Lokwang hukusanya habari za visima, akapanga lori lipi lichote wapi na lipeleke wapi. Ratiba isipotoka malori hayaondoki, na watu wa Lowarengak hawanywi barua pepe.

"Ni filamu za Odongo," nilisema, na kweli zilikuwepo, mapigano na mahubiri yamechanganyika. Aukot akazifuta zote. Odongo akaja mlangoni ameshika kichwa, akisema humo mlikuwa na harusi ya dada yake. Nafasi ikapatikana. Kabla hatujamaliza chai, diski ikajaa tena.

Hapo Aukot akavua viatu. Ndivyo hufanya jambo likiwa zito. Akapekua folda moja baada ya nyingine hadi akalipata faili nene la malalamiko. Ipo programu ndani ya Lokwang ambayo kazi yake ni kupeleka nakala za habari za visima kwenye mashine ndogo iliyoko ofisi yetu ya Kakuma. Mashine ya Kakuma ilikuwa haijibu. Kila ilipokosa kujibiwa, programu iliandika kwenye faili hilo kwamba Kakuma haijibu, ikajaribu tena, ikaandika tena, mpaka ikajaza nyumba nzima kwa kulalamika. Nina shangazi wa namna hiyo.

Akalifuta faili. Tukashangilia. Akaangalia diski: bado imejaa.

"Umefuta kweli?" nikamuuliza.

"Nimefuta, Madam. Lakini hiyo programu bado imelishika. Lokwang hawezi kurudisha nafasi mpaka aachiliwe."

Nilielewa vizuri. Ni mgeni aliyemaliza kula na hataki kuachia sahani, huwezi kuiosha. "Basi ifukuze," nikasema. Aukot akaiamuru ife. Haikufa. Akaiamuru kwa nguvu zaidi, kwa ile amri isiyo na huruma ambayo hakuna programu inayokataa. Nayo haikufa, kwa sababu ilikuwa imeganda ikingoja neno kutoka Kakuma, na Unix ina adabu hiyo ya ajabu, haiui aliye katikati ya kungoja diski, hata ikiwa diski ya Kakuma.

Tukampigia simu Anyang, karani wetu wa Kakuma, ambaye ndiye mwenye ufunguo wa ofisi. Simu ikaita mpaka ikachoka. Kufikia hapo ofisi nzima ilikuwa chumbani, akiwemo mkurugenzi, Bwana Wasike, na wote tulisema kwa sauti moja, mimi nikiwa mbele ya kwaya: "Zima uwashe!"

Aukot alisimama mbele ya kabati amenyoosha mikono kama mlinda lango. "Hapana," akasema. Akawaomba watoke. Mimi sikutoka, kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na nikikasirika sisikii maombi.

"Kesho ni harusi yako," nilimwambia. "Hesabu ya siku zako inafaa nini? Utaipeleka kwa Mzee Lochakapong?"

Akakaa sakafuni. "Si hesabu, Madam. Ninaogopa."

"Unaogopa nini?"

"Hatarudi. Miaka hii yote kuna vitu nimemwekea kwa mkono tu, akiwa anatembea. Njia ya kwenda Kakuma, na zingine. Sikuziandika mahali anaweza kuzisoma akiamka. Zingine hata mimi nimesahau. Nikimzima, ataamka mtu mwingine."

Miaka yote nilidhani ni majivuno. Kumbe kijana alikuwa anatembea na hofu mfukoni kila siku na kuifunika kwa nyimbo. Niliona huruma, kisha nikaona haya kwa kuona huruma nikiwa nimemkasirikia, halafu Esekon, dereva wetu, akaanza kupiga honi nje.

"Nenda," nikamwambia. "Pita ofisi ya Kakuma, washa hiyo mashine, huyu ataachilia sahani mwenyewe. Mimi nitabaki naye."

"Na harusi, Madam? Na gauni?"

"Toka kabla sijabadilisha mawazo."

Akaondoka bila viatu. Esekon aligeuza gari njiani wakavirudia.

Mambo ya Kakuma nimeyapata kwa Esekon, ambaye huongeza chumvi, lakini kwa kipimo. Walifika jioni wakakuta ofisi ina kufuli na Anyang haonekani. Wajomba wakamchukua Aukot moja kwa moja wakampeleka bomani, na kulipopambazuka alikuwa amevikwa vyote, unyoya wa mbuni kichwani, shuka begani, mkuki mkononi, na simu ameichomeka kwenye mkanda. Mimi huku Lodwar nilikuwa nimevaa gauni langu. Sikushonewa nivae Krismasi. Niliketi mbele ya Lokwang na mabega yangu yamesimama, nikiangalia kama nafasi imepatikana, na haikuwa imepatikana.

Maksai wa harusi alikuwa amefikishwa uwanjani na wazee wameshakaa. Wageni wakagawiwa soda, na mmoja wa wajomba akamtia bwana arusi chupa mkononi. Aukot akainua anywe, kisha akasimama hivyo hivyo, chupa mdomoni. Ilikuwa baridi. Ilikuwa inatoka jasho. Kakuma haikuwa na umeme wiki nzima.

"Hii soda imepata baridi wapi?" akauliza.

Wajomba wakamhimiza anywe, kwa sababu halikuwa swali la bwana arusi.

"Nauliza, hii soda imelala wapi?"

Akajitokeza Anyang, kifua mbele, kijana mrefu wa Sudan Kusini anayempenda Aukot kama ndugu. "Surprise, bro! Nilikopa friji kwa yule Msomali wa duka. Nikaiweka kwa ofisi yako. Si unajua ile soketi ya sola, ile ya ukutani, haizimangi? Wallahi, tangu Jumatano zinapoa tu."

"Na kwa hiyo soketi ulitoa nini?"

"Nilitoa tu kabox fulani kako na taa. Nikakaweka juu ya friji, kako sawa."

Aukot akapiga hatua kuelekea kwake akiwa amesahau ameshika mkuki. Wanawake wakapiga kelele. Anyang akarudi nyuma. Mzee Lochakapong akaita kutoka kwenye kigoda chake, bila kuinuka: "Bwana arusi! Maksai iko upande hii."

Anyang alirukia bodaboda mbio hadi ofisini, akachomoa friji, akarudisha kabox kwenye soketi, akapiga simu kusema taa zimewaka. Aukot akanipigia. Nikaangalia. Kakuma ilikuwa imeamka, naam, lakini ile programu ilikuwa imeganda muda mrefu mno, haikusikia tena hata ilipoitwa. Sahani haikuachiliwa. Nikamwambia hivyo, na nikasikia anavyopumua.

Jua lilikuwa linapanda. Esekon anasema mzee alimwita Aukot akamuuliza kuna nini na hiyo simu. Aukot akaeleza alivyoweza: Lokwang amejaa, anashindwa, na huenda akizimwa hatarudi jinsi alivyo.

Mzee akaegemea fimbo yake. "Huyo Lokwang," akasema, "umemfunga kengele?"

"Ndiyo, baba."

"Unamwimbia?"

"Kila siku."

"Na wewe watu wanakuita Apalokwang kwa sababu yake. Mimi nilifikiri ni mchezo ya mjini." Mzee akawageukia wenzake, akawaambia kwa Kiturkana jambo ambalo Esekon alinitafsiria hivi: nilikuwa ninampa msichana wangu mtu asiye na maksai, kumbe anaye, na ni mgonjwa, na bado amekuja. Kisha akamwambia Aukot: "Ua hii kwanza. Halafu utajua ya ile."

Aukot akaenda. Esekon anasema mkono haukutetemeka, na hapo hakuongeza chumvi, maana nimeona picha. Alichoma mara moja, maksai akapiga magoti, akalala. Watu wakaimba, na wazee wakaanza kuangalia mahali pa kukata.

Huku Lodwar madereva wa malori walikuwa wamejaa uani wakipiga honi, na Bwana Wasike alikuwa amesimama mlangoni anaangalia saa. Simu yangu ikalia. Ilikuwa namba ya Aukot, lakini sauti ilikuwa ya Atiir.

"Dada Keziah, ninamshikia simu sikioni. Mikono yake iko na damu. Ongea."

"Madam," akasema Aukot. "Uko karibu naye?"

"Niko hapa."

"Bonyeza. Ile swichi ya mbele, shikilia mpaka anyamaze."

Nikaweka kidole gumba. Mimi niliyeimba zima uwashe miaka yote, mimi wa mbele ya kwaya, kidole kilikaa pale na hakikushuka. Kengele ilikuwa inalia polepole juu ya kichwa changu. Nilifikiria huyo mtoto asiye na mbuzi aliyerudi na kengele ya babu yake. Nikaanza kulia, ndani ya gauni jipya, mbele ya mkurugenzi.

"Siwezi, Aukot."

"Unaweza, Madam. Mimi nimeweza hapa."

Nikabonyeza. Feni zikapungua, zikasimama, na kengele ikanyamaza. Tangu nifike Lodwar sikuwahi kusikia jengo lile likiwa kimya. Hata madereva waliacha honi, sijui kwa nini. Nikasubiri kidogo kama ninavyofundisha watu, kisha nikawasha.

Kwa muda skrini ilikuwa nyeusi. Baadaye maneno yakaanza kushuka, moja baada ya jingine, na mimi nikamsomea Aukot kila niliyoweza kutamka, huku nyuma yake watu wakiimba na mbuzi wakilia. Mara yakasimama. Lokwang aliamka lakini hakujua Kakuma iko wapi. Ndilo lile alilokuwa analiogopa. Aukot akafumba macho, Atiir aliniambia baadaye, na akaanza kunitajia herufi kwa herufi, nukta, mkwaju, tena nukta, kutoka kichwani, na mimi nikagonga kwa kidole kimoja. Nilikosea, tukarudia. Halafu akanifanya niandike mstari ule ule mahali Lokwang ataukuta kila akiamka, ili jambo hilo lisimsumbue mtu tena. Nafasi ikarudi. Mashine ya kuchapisha ikaguna, ikatema ratiba, na Bwana Wasike akainyakua akakimbia nayo uani. Nikasikia lori la kwanza likitoka.

"Yuko sawa," nikasema. "Ni yeye mwenyewe, Aukot. Hata kengele inalia."

Kisha, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari ya msiba, akasema, "Muulize uptime."

Nikaandika. "Hana hata siku moja," nikamwambia.

Halafu nikasikia Atiir anacheka, kile kicheko chake cha chini. "Hata sisi hatuna hata moja," akasema. "Si tunaanza naye?"

Siku hizi Aukot akiingia asubuhi anasema ejok, anaandika lile neno, anasoma amekuwa mume wa mtu siku ngapi, na ndipo anaimba. Wajomba wanasema hajawahi kusahau siku ya harusi yake na Atiir. Mzee Lochakapong alikuja Lodwar kumwona Lokwang, akamzunguka, akampapasa mgongo, akasema amekonda lakini ni mzuri. Anyang hajakaribia soketi tena.

Juzi mtandao ulikuwa mzito, na Odongo, ambaye hajasamehe zile filamu, akapitisha kichwa akasema kwa nini tusimzime tu tumwashe. Aukot alikuwa Kakuma. Nilijikuta nimesimama mbele ya kabati, mikono nimeinyoosha. Nikamwambia Odongo kwamba hapa hapazimwi kitu, hiyo ni ndoa ya watu.